Hodi Si Ruhusa ya Kuingia

Asubuhi kama hii hapa Kigwena, Burundi, baba yuko mwaloni na ndagala zake, mama anakamua mawese, nyumbani wamebaki watoto. Mtu anabisha hodi, koleo mkononi: “Natoka REGIDESO, nimekuja kuangalia mita.”

REGIDESO ndilo shirika la maji na umeme la Burundi, lakini jina hilo yeyote aweza kulitamka. Ukiwepo wewe mkubwa, mwache asubiri nje. Mwombe kitambulisho, piga simu ofisini kwa namba unayoijua wewe, si anayokupa yeye, au mwite mkuu wa nyumba kumi. Fundi wa kweli hana sababu ya kukataa kuulizwa.

Wazazi, waambieni watoto leo hii: mkubwa akiwa hayupo, mlango haufunguliwi.