Barafu ya Kilimanjaro na Sharti la Khabari

Unguja ni kisiwa cha matumbawe ambacho mwinuko wake wa juu kabisa haufiki mita 150, na kwa hiyo mzaliwa wa Mji Mkongwe asiyewahi kuvuka kwenda bara huijua barafu ya Kilimanjaro, mlima wa mita 5,895, kwa kuambiwa tu. Je, hiyo ni elimu au ni dhana? Imam Nasafi, mwanachuoni aliyefariki mwaka 1142, aliihesabu khabari ya kweli kuwa moja ya njia tatu za kupata elimu, pamoja na hisi timamu na akili. Wanachuoni wakatenga khabari mutawatiri, yaani iliyopokewa na watu wengi kiasi cha kutowezekana kuwa wameafikiana kusema uongo, na khabari ahadi, ambayo wapokezi wake hawakufikia wingi huo. Sharti jingine, ambalo aghalabu husahauliwa, ni kwamba mutawatiri ianzie kwenye kilichohisiwa, si kwenye kilichokisiwa.

Mwezi Mei 1848 mmisionari Johannes Rebmann, akiongozwa na Bwana Kheri, mkuu wa misafara kutoka Mombasa, aliuona weupe wa kilele cha Kilimanjaro akatambua kuwa ni theluji, ilhali kiongozi wake aliuita baridi tu, na wengine wakisimulia fedha iliyogeuka maji na majini walioulinda mlima. Fedha na majini ni tafsiri; weupe, na baridi iliyoharibu mikono na miguu ya waliothubutu kupanda, ni mambo ya hisi, na juu ya hayo wasimulizi hawakuhitilafiana. Huko London, mwanajiografia William Desborough Cooley, ambaye hakuwahi kuufikia mlima huo, aliikanusha theluji hiyo na kuiona zao la macho dhaifu na njozi nyingi. Ajabu ni kwamba maelezo yake ya ziwa kuu la bara, yaliyochapishwa 1845, yalitegemea pia maneno ya Khamis bin Uthman, mfanyabiashara wa Zanzibar aliyefika Uingereza. Hakuwa, basi, mtu wa kukataa khabari za wengine. Khabari hii ya theluji aliihesabu kuwa ahadi kwa sababu Wachagga, walioishi chini ya theluji hiyo vizazi kwa vizazi, hakuwatia katika idadi ya wapokezi.

Barafu hiyo, iliyoenea takriban kilomita za mraba 12 mwaka 1912, ilikuwa haifiki 2 mwaka 2007. Ikimalizika, mtoto wa Kichagga wa Machame naye ataijua kwa khabari, kama wa Malindi mjini Unguja anavyoijua leo. Atakuwa na picha, lakini picha nayo inaelekea zaidi upande wa khabari kuliko wa hisi, kwa kuwa anayeitazama hulazimika kumwamini aliyeipiga kuhusu mahali na wakati.