Figo Langu Bei Gani?

Mwaka 2022 Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, jijini Nairobi, ilieleza kwenye ukurasa wake wa Facebook swali inaloulizwa zaidi faraghani: mtanipa pesa ngapi nikiwauzia figo langu? Jibu lilikuwa kwamba figo haliuzwi, sheria inakataza, na anayetaka kutoa atoe bure kwa hiari yake. Wengi walilifanya kichekesho. Mimi nilimkumbuka kijana wa Anhui.

Anhui ni jimbo la China. Mwaka 2011 kijana wa huko, wa miaka 17, alitamani simu ya iPhone na kishikwambi, naye mfukoni hakuwa na kitu. Mtandaoni akakutana na madalali. Hawakumteka wala kumtisha, walimbembeleza. Wakamsafirisha hadi Chenzhou, jimbo la Hunan, mbali na kwao, akachomwa nusu kaputi na figo moja likatolewa. Wazazi wake hawakuwa na habari. Mama alishtuka kumwona mwanawe na vitu vipya vya bei, akamhoji, ndipo yote yakatoka.

Kijana alilipwa yuan 22,000. Kinara wa madalali alipokea kama yuan 220,000. Yaani mwenye figo alipata fungu moja katika kumi, na kidonda kikabaki kwake. Kidonda kilikuwa kidogo kuliko yaliyofuata: figo alilobakiza nalo likaanza kushindwa kazi. Mwaka 2012 watu tisa walisimama kizimbani, daktari wa upasuaji akiwa miongoni mwao, na familia ikapata fidia ya yuan milioni 1.47. Kwa fedha hizo simu zingejaa chumba. Afya haikurudi.

Msomaji atauliza: si tunaambiwa mtu huishi salama na figo moja? Ni kweli. Figo lililotolewa halioti tena, hata dalali akikuapia, lakini lile linalobaki hutanuka kidogo na kubeba kazi ya mwenziwe. Sharti ni kwamba liwe zima, na uzima huo haujulikani kwa kumtazama mtu usoni. Ndiyo maana hospitali inayojiheshimu humchosha mchangiaji kwa vipimo: damu, mkojo, sukari, presha, moyo, picha za mafigo yenyewe. Inamtafutia kasoro, na ikiipata inamrudisha nyumbani hata kama mgonjwa wake anasafishwa damu mara tatu kwa wiki. Dalali hutafuta kitu kimoja tu, kama damu zenu zinapatana.

Kisha mchangiaji huitwa peke yake, ndugu wakibaki nje, aulizwe kama ametumwa na moyo wake au na kikao cha ukoo. Hapa ndipo penye kazi kwetu Tanzania. Tangu Hospitali ya Taifa Muhimbili, jijini Dar es Salaam, ilipopandikiza figo kwa mara ya kwanza Novemba 2017, na Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ikafuata mwaka 2018, Mtanzania halazimiki tena kwenda India kwa matibabu hayo, na anayetoa ni ndugu. Ni jambo jema. Lakini nani asiyejua vikao vyetu? Kaka mkubwa ana familia, dada ananyonyesha, basi macho yote kwa kitinda mimba asiye na kazi. Hapewi yuan. Anaahidiwa kiwanja, au ada ya chuo, au anaambiwa tu kwamba baba akifa itakuwa juu yake. Sioni tofauti kubwa na bei ya dalali. Kwa watu kama huyo, madaktari wa vituo vingi wana njia yao ya siri: akisema faraghani kwamba hataki, familia huambiwa tu kuwa hafai. Sababu haitajwi.

Anayepokea naye asidhani amemaliza. Figo jipya hupandikizwa sehemu ya chini ya tumbo, ya zamani kwa kawaida yakiachwa yalipo, na dawa za kuuzuia mwili usilikatae humezwa kila siku kwa muda wote figo hilo likifanya kazi. Anayeuza mashamba alipie upasuaji na kusahau bei ya dawa hizo amefanya nusu ya hesabu.

Desemba 1954, mjini Boston, Marekani, Ronald Herrick alijiandaa kumpa pacha wake Richard figo, katika upandikizaji wa kwanza wa figo uliofanikiwa duniani. Madaktari walikuwa wameshauriana na viongozi wa dini na wanasheria, hata alama za vidole za ndugu hao zikalinganishwa ili kuhakikisha kwamba ni mapacha wa kufanana. Mmoja wa madaktari hao, Joseph Murray, alisimulia baadaye kwamba katika mazungumzo yao ya mwisho kabla ya upasuaji, Ronald aliuliza kama hospitali ingemtibu maisha yake yote akitoa figo hilo. Daktari Harrison, ambaye ndiye angemfanyia upasuaji, akamjibu kwamba hapana. Papo hapo naye akamuuliza: je, unadhani kuna hata mmoja katika chumba hiki atakayekataa kukusaidia siku ukihitaji?

Ronald alinyamaza kidogo, akaelewa. Richard aliishi miaka minane zaidi, akaoa, akapata watoto. Ronald alifariki mwaka 2010, akiwa na miaka 79.