Mtu Mmoja, Mistari Mitatu

Mwaka 2000, kwa mara ya kwanza, sensa ya Marekani iliwaruhusu watu kuchagua zaidi ya mbari moja. Watu wapatao milioni 6.8 walifanya hivyo, na makundi sita ya fomu yakazaa michanganyiko 57.

Sasa tazama kisanduku kimoja cha jedwali: “Mweusi, Mzungu, Mwasia”. Kompyuta isipoelekezwa hulisoma fungu zima kama jina moja. Kwa hiyo mtakwimu hulikata penye koma, kila jina likapata mstari wake, na namba ya mhusika ikarudiwa kwenye mistari yote mitatu. Akihesabu mistari, anapata majibu. Akihesabu namba zisizojirudia, anapata watu. Grafu ya nguzo itafaa. Ya duara itadanganya, maana asilimia zinapita 100.

Je, mtu huyo amegawanyika?

Wapo wanaolipa kila jina theluthi ili jumla ibaki moja. Hesabu inakaa sawa, lakini fikra imepotoka. Binti wa baba Mweusi na mama Mwasia hana nusu ya baba wala nusu ya mama. Wote wawili ni wazazi wake kamili. Kujumlisha ni haja yetu sisi tunaohesabu, na haitupi haki ya kumpunguza.

Japani imeliishi jambo hili kwa upande wa imani: jumla ya waumini wanaoripotiwa na taasisi za dini huzidi idadi ya wananchi, kwa kuwa familia ile ile huhesabiwa na Washinto na kuhesabiwa tena na Wabudha.