Namba ya Kweli, Jibu la Uongo

Je, mtu anaweza kudanganya kwa namba ya kweli? Swali hili limenikaa kichwani tangu nianze shahada ya uzamili, ninapopima kemikali za mimea nikitafuta itakayozima kimeng'enya cha vimelea vya ugonjwa.

Kimeng'enya hutiwa kwenye vishimo vya sahani ya maabara pamoja na DTT, kemikali inayokilinda dhidi ya oksijeni. Kisha huongezwa kemikali inayopimwa. Kimeng'enya kikizimika, tunashangilia. Lakini zipo kemikali, kama zile za ukoo wa kwinoni, ulimo rangi ya hina, zinazochukua elektroni kwa DTT na kuzikabidhi kwa oksijeni, tena na tena. Hapo huzaliwa haidrojeni peroksaidi, ile ile ya kusafishia vidonda, nayo huweza kukiharibu kimeng'enya, hasa kinachofanya kazi kwa kutegemea salfa. Aliyewekwa kulinda ndiye aliyemlisha mwizi. Kikulacho ki nguoni mwako.

Mashine haikukosea. Kimeng'enya kimezimika kweli. Uongo unaanza ninapoandika kwamba kemikali hii ni dalili ya dawa, hali sijauliza imekizima kwa njia gani. Kuuliza ni rahisi: ongeza katalesi, ambayo huvunja peroksaidi kuwa maji na oksijeni. Nguvu ya kemikali ikitoweka, ujue ilikuwa ya peroksaidi.

Kinachotushinda ni hofu ya jibu. Matokeo mazuri huleta chapisho. Katalesi inaweza kuyafuta kwa mchana mmoja. Asiyeuliza anaweza kujitetea kwamba hakusema uongo. Siukubali utetezi huo, kwa sababu gharama hailipi yeye. Wengine watapoteza miaka na fedha wakifuata njia yake, na mgonjwa ataendelea kusubiri.

Lakini kuna kosa la upande wa pili. Mwaka 2010 Jonathan Baell na Georgina Holloway walichapisha orodha ya maumbo ya kemikali yanayosumbua vipimo vya namna hii, na leo programu ya kompyuta huweza kuyaengua upesi. Orodha hiyo inasaidia, ila ni onyo, si hukumu. Atovakwoni, dawa ya malaria, nayo ni ya ukoo wa kwinoni. Anayehukumu kwa ukoo peke yake amekwepa kuuliza, sawa na yule anayeshangilia upesi.

Kwa hiyo uaminifu wa maabara hauishii kwenye kutobuni namba. Unatudai tumhoji mshukiwa kabla ya kumtangaza au kumfukuza, hasa akiwa ndiye tunayetamani ashinde.