Je, Tuna Deni kwa Samaki Mmoja?

Kwetu Bunia samaki ni chakula. Kila siku wanaletwa sokoni kutoka Kasenyi na Tchomia, kando ya Ziwa Albert, nasi hatuwaulizi habari zao, ila bei. Basi mtu akisema kwamba ameuguza samaki mmoja mdogo, watu watacheka. Mtu huyo ni mimi, nami nataka tupime jambo hili kwa akili na kwa imani.

Nyumbani mwetu anakaa mtoto wa kaka yangu, aliyekimbia vita upande wa Djugu. Alifika mikono mitupu. Nilimpa sanduku la kioo na tilapia mdogo mmoja, apate kitu cha kutunza. Siku moja, yeye akiwa shuleni, nilisafisha sanduku lile kwa haraka, maana wakatekumeni walikuwa wakiningoja. Jiwe likaniponyoka, likampiga samaki ubavuni. Magamba yakabanduka, pezi likapasuka, naye akalala upande akihema.

Shauri la kwanza lililonijia halikuwa jema. Niliwaza: nenda kwenye kiziwa cha jirani, nunua mwingine wa kimo kile kile, mtie, nyamaza. Angalieni, wapendwa: samaki alikuwa mdogo, lakini uongo ule haukuwa mdogo. Mtoto aliyenyang'anywa mengi angedanganywa tena, na katika nyumba aliyokimbilia.

Alipofika nilimwambia, «Mwanangu, nimemwumiza samaki wako. Unisamehe.» Alinyamaza kitambo, kisha akauliza, «Baba mdogo, tumfanyie nini?»

Tulifanya hivi. Hatukumshika ovyo, kwa kuwa utelezi ulio juu ya ngozi ya samaki ndio ngao yake, na mkono mkavu huuondoa. Hatukumwaga maji yote, wala kuosha mawe kwa sabuni, maana juu ya mawe hukaa vijidudu vyema vinavyokula sumu ya uchafu wake. Kila siku tuliondoa sehemu ndogo ya maji na kutia mengine yaliyokaa kwenye ndoo tangu jana. Kwani maji ya bomba huwa na klorini, nayo huunguza mashavu ambayo samaki hupumulia. Kwa lita 20 za maji tuliyeyusha vijiko vidogo 4 vya chumvi, tukaitia polepole, ili imsaidie kustahimili jeraha. Tukampunguzia chakula, tukafunika sanduku kwa kitambaa, apate utulivu.

Mzee mmoja jirani alituona, akasema, «Mwalimu, watu wamelala kambini bila chumvi, nawe chumvi wampa samaki!»

Neno lile lilinichoma, kwa kuwa lina ukweli ndani yake. Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992 hufundisha kwamba si haki kutumia kwa wanyama fedha ambazo zapaswa kwanza kupunguza taabu za watu. Mtu ni sura ya Mungu, samaki siye. Tukiwa na njaa twaweza kumla, wala hatutendi dhambi. Lakini Katekisimu ile ile husema kwamba kuwatesa wanyama au kuwaua bila sababu hakupatani na heshima ya mtu. Naye Mtakatifu Tomaso wa Akwino aliona zamani kwamba anayezoea ukatili kwa wanyama huweza kuugeuza juu ya watu.

Mimi naongeza sababu moja, niliyojifunza mbele ya sanduku lile. Samaki aliye ziwani hutunzwa na ziwa: maji yake hujisafisha, na akiumia hujua pa kujificha. Huyu wetu nimemfungia mimi. Hana maji ila niyatiayo, hana maficho ila niyawekayo. Anayemfungia kiumbe amejitwika kazi ya ziwa. Na kama mkono wake mwenyewe umemjeruhi, deni limekuwa mara mbili. Udogo wa mdai haufuti deni. Hupunguza kiasi chake tu. Kwa samaki, deni langu lilikuwa maji safi, chumvi kidogo na saburi. Kwa mtoto, lilikuwa ukweli. Kwa watu wa kambini, ni kubwa kuliko hayo yote, wala sikulilipa kwa kumwacha samaki afe.

Jumapili iliyofuata tulipeleka pakiti za chumvi katika matoleo ya Shirika letu kwa ajili ya wakimbizi. Mtoto ndiye aliyezibeba. Mzee alizipokea, akamwuliza, «Na mgonjwa wako je?»

Baada ya majuma kadhaa pezi lilianza kuota tena. Alama ya jeraha ingalipo ubavuni, nami nikisafisha sanduku sasa, nayatoa mawe moja moja, polepole, na mtoto husimama karibu akiyapokea.

Wapendwa, kila mmoja wetu amemfungia mtu au kiumbe fulani chini ya ulinzi wake: mtoto, mgonjwa, mfanyakazi wa nyumbani, mbuzi aliyefungwa kamba. Tumwumizapo kwa haraka yetu, tusitafute wa kumweka mahali pake na kunyamaza. Tuseme, «Ni mimi», kisha tukatafute maji safi.