Injini Mbili na Rafiki Mmoja

Mwaka juzi nilimwita rafiki yangu mwizi. Sikulitumia neno lenyewe. Nilisema tu, mbele ya watu wanane au tisa tuliobanana kwenye kibanda cha chai karibu na steji, "Buda, huo mchezo si wako." Kwa wachezaji wa chesi maneno hayo yana maana moja. Wote walielewa, na yeye alielewa kuliko wote.

Tulikuwa tumetoka kwenye mashindano madogo ya mtaani, kiingilio shilingi mia mbili, mshindi anabeba elfu tano. Alinipiga raundi ya mwisho. Huyu ni mtu tuliyecheza naye tangu kidato cha pili, na miaka yote hiyo hesabu ilijulikana: tukicheza mara kumi, mimi nashinda sita au saba. Siku hiyo alinikaba polepole, akatoa farasi kafara mahali ambapo sikuona sababu yoyote, na kufikia hatua ya 34 nikamlaza mfalme wangu. Katikati ya mechi alikuwa ameenda choo mara mbili.

Kwa hivyo pale kibandani niliingiza mechi yote kwenye simu, nikawasha Stockfish, na kuhesabu. Kati ya hatua zake 34, hatua 27 zilikuwa zile zile ambazo injini ingechagua kwanza. Karibu asilimia 80. Nilizungusha simu ili kila mtu aone.

Hakupiga kelele. Alisema, "Jaribu na Leela basi," akaiacha chai yake hapo na kwenda. Nilidhani ni maneno ya mtu aliyeshikwa.

Ukitaka kupoteza jioni nzima, waulize wachezaji wa chesi injini gani ni bora. Ni kama kuuliza Gor na Ingwe. Ubishi wa kizazi chetu ulianza Desemba 2017, kampuni ya DeepMind ilipotangaza kwamba programu yake AlphaZero imecheza mechi 100 na Stockfish 8, ikashinda 28, zilizobaki 72 zikawa sare. AlphaZero haikufundishwa chochote isipokuwa sheria za mchezo. Ilijifunza kwa kucheza na nafsi yake. Halafu kuna jambo lililotuchanganya zaidi: Stockfish ilikuwa inapima nafasi milioni 70 hivi kwa sekunde, AlphaZero elfu 80 tu. Iliyohesabu kidogo ndiyo iliyoshinda.

Mimi nilikuwa kambi ya waliolalamika. Stockfish ililazimishwa kutumia dakika moja kwa kila hatua, wakati sehemu ya ustadi wake ni kujua lini ikimbie na lini itulie. Ilinyimwa kitabu cha fungua-mchezo. Kumbukumbu iliyopewa ilikuwa ndogo, na mpinzani wake alikuwa juu ya vifaa maalum vya Google. Nilisema hiyo si mechi, ni maonyesho. Mwaka uliofuata wakatoa matokeo ya mechi 1,000 zenye masharti ya haki zaidi: AlphaZero ilishinda 155 na kupoteza 6. Hapo nikapunguza sauti. Sikunyamaza kabisa, lakini nilipunguza.

AlphaZero yenyewe hatukuipata kamwe, haikutolewa kwa umma. Watu wa kujitolea duniani kote ndio waliounganisha kompyuta zao mwaka 2018 na kujenga Leela kwa njia hiyo hiyo. Ukiiangalia Leela ikicheza unaona kitu kama mzee anayejua mvua itanyesha kabla ya wingu kutokea. Itatoa askari wawili bure kwa sababu tu farasi wa mpinzani hatapata tena mahali pazuri pa kukaa. Udhaifu wake nao ni wa kizee: mtego mfupi wa hatua tatu unaweza kuipita, na ikishajua imeshinda huanza kuzurura ubaoni badala ya kumaliza kazi. Tena inataka kadi ya michoro yenye nguvu, yaani pesa. Stockfish ya zamani ilikuwa kinyume. Ilikwenda kwenye simu yoyote, na haikukosa mtego. Lakini mkifunga ubao pande zote, askari wamekwama uso kwa uso, ingekuambia weupe wanaongoza kwa mbali, na ukiangalia kwa macho yako unaona hakuna mlango wa kuingilia.

Nasema "ya zamani" kwa sababu mwaka 2020 Stockfish 12 iliingiziwa mtandao mdogo wa neva, wazo lililobuniwa na Yu Nasu wa Japani kwa ajili ya shogi, na baadaye mitandao hiyo ikafundishwa kwa data iliyotoka kwa Leela. Wapinzani wakawa ndugu. Hakuna aliyeita polisi, maana kazi zote mbili ziko wazi kwa yeyote na leseni zao zinaeleza masharti.

Rybka haikuwa na bahati hiyo. Programu hiyo ya Vasik Rajlich ilichukua ubingwa wa dunia wa kompyuta mara nne mfululizo, 2007 hadi 2010. Mwaka 2011 chama kilichoandaa mashindano, ICGA, kikampokonya mataji kwa kusema amechukua kutoka kwa Fruit, programu ya Mfaransa Fabien Letouzey ambayo msimbo wake ulikuwa umewekwa wazi. Rajlich alikana. Ugumu ulikuwa hapa: msimbo asili wa Rybka haukuwa mezani, kwa hivyo wachunguzi waliifungua programu kinyumenyume na kulinganisha. Walionyesha kufanana. Waliomtetea walijibu kwamba wazo la kupima usalama wa mfalme halina mwenyewe, na watu wawili waliosoma kitabu kimoja watafanana. Nilipokuwa chuo nilisoma mabishano haya kwa saa nyingi, na nilikuwa na uhakika kabisa wa nani ana haki. Nilikuwa na miaka 21.

Wiki mbili baada ya siku ile ya kibandani sikuwa nalala vizuri. Jamaa mmoja mwenye kompyuta ya kuchezea gemu aliniruhusu niwashe Leela kwake usiku. Nikaanza upya, mara hii kwa utaratibu.

Hatua 11 za kwanza zilikuwa Caro-Kann ya kawaida, ambayo hata mimi naijua kwa moyo. Nilizihesabu kama wizi. Nyingine tano zilikuwa za lazima: nimekula ngome, naye anakula, angefanya nini kingine? Nazo nilizihesabu. Zikabaki 18. Kati ya hizo Stockfish ilikubaliana naye 11, Leela 9, na mara kadhaa injini zenyewe hazikukubaliana. Halafu ile kafara ya farasi. Kwenye simu, kwa sekunde zangu chache, Stockfish iliisifu. Niliiacha ifikirie dakika kumi, ikaikataa. Kulikuwa na jibu, hatua moja ya malkia kurudi nyuma, na ningelicheza, mimi ndiye ningebeba elfu tano. Sikuliona.

Hilo halimsafishi. Mwenye simu chooni angepata jibu la sekunde chache, lile lile baya. Nimelizungusha kichwani mara nyingi na linabaki hapo hapo. Lakini nilichokuwa nacho kibandani hakikuwa ushahidi kwamba aliiba. Kilikuwa ushahidi kwamba alicheza vizuri, kwa maoni ya programu moja, iliyopewa muda mfupi, na kuulizwa na mtu aliyekuwa ameshindwa dakika arobaini kabla. Na cha kushangaza ni kwamba nilikuwa na miaka kumi na miwili ya kumjua mtu huyu. Nilimwona akirudisha chenji ya ziada kwa makanga. Mambo hayo sikuyaingiza kwenye hesabu, kwa sababu simu haikuwa na mahali pa kuyaandika.

Nilimtumia ujumbe mrefu. Nilimwekea kila kitu: hatua 18, Leela, dakika kumi, malkia. Niliandika kwamba sasa naamini.

Akajibu asubuhi. "Kwa hivyo ulihitaji mashine ya pili."

Sijui nilitarajia nini. Nilianza majibu matatu na kuyafuta. Jumamosi iliyopita tulikuwa kibandani, na mmoja wa wale waliokuwepo siku ile akatania kuhusu "yule msee wa asilimia 80". Watu wakacheka. Nikakumbuka kwamba ujumbe wangu wa kumsafisha niliutuma kwake peke yake.