Nesi si Soja wa Geti

Daktari ameshasaini: mama na mtoto wako fiti kwenda nyumbani. Lakini bili haijalipwa, kwa hivyo nesi anaambiwa, huyo asitoke.

Mwaka 2015 Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kwamba kuwazuilia akina mama katika hospitali ya Pumwani kwa sababu ya deni kulikiuka haki zao. Deni hudaiwa, lakini mtu hawekwi rehani.

Nesi atakwambia, "Mimi nimetumwa tu." Ni kweli, na akikataa anaweza kupoteza kazi. Aliyemtuma ana hatia kubwa kumliko. Ila mkono unaofunga mlango wa wodi ni wake, na leseni aliyopewa ni ya kuuguza, si ya kufunga watu.